Art Smith na mwili wa mvaaji: uchambuzi wa kisa cha sonara mmoja wa New York

Mwaka 1969 Museum of Contemporary Crafts ya New York iliandaa maonyesho ya kazi za msanii mmoja tu, sonara Mweusi aliyekuwa amefua shaba na fedha kwa zaidi ya miaka 20 katika duka dogo la mtaa wa Greenwich Village. Sonara huyo ni Arthur Smith, aliyejulikana kwa wateja na wasanii wenzake kama Art Smith. Alipoeleza falsafa ya kazi yake mwaka huo alisema jambo ambalo ndilo kiini cha uchambuzi huu: kwamba pambo likiwa peke yake ni kitu kisichokamilika, kwamba mtu akilitazama atabaki akijiuliza ni nini hasa, mpaka litakapohusishwa na mwili; na kwamba mwili wenyewe ni sehemu ya usanifu, sawa na mstari, umbo, rangi, hewa na nafasi.

Sehemu kubwa ya usonara duniani haianzii hapo. Huanzia kwenye thamani ya madini na ya jiwe, na mwili huja baadaye kama mahali pa kuitundika thamani hiyo ili ionekane. Kwa hiyo swali la kisa hiki ni hili: mtu aliyesomea uchongaji na sanaa ya matangazo, ambaye hakuzaliwa katika ukoo wa masonara wala hakufundwa tangu utotoni katika karakana yoyote, aliifikiaje fikra hiyo, na ni nani waliomfikisha? Jibu la kawaida humtaja mchongaji wa Marekani Alexander Calder, na wasanii wa surealisimu, yaani mtindo wa sanaa unaochota maumbo yake katika ndoto, waliokimbilia Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Jibu hilo si la uongo, lakini naliona limekosea uzito. Ushahidi wa kazi zenyewe, pamoja na mpangilio wa maisha yake, unaonyesha kwamba jukwaa la dansi na kundi la wasanii Weusi waliomzunguka ndivyo vilivyomfanya Art Smith awe sonara wa aina yake, na kwamba bila jukwaa hilo huenda angebaki kuwa fundi mzuri miongoni mwa mafundi wengi wazuri wa mtaa wake.

Njia ya kuelekea kwenye nyundo

Smith alizaliwa nchini Cuba mwaka 1917 kwa wazazi wenye asili ya Jamaika, na mwaka 1920 familia ilihamia Brooklyn. Kipaji chake kilionekana mapema. Akiwa darasa la nane alitajwa kwa heshima katika shindano la kuchora mabango la chama cha kutetea wanyama, na walimu wakamhimiza aombe nafasi katika vyuo vya sanaa. Alipata ufadhili wa kusoma Cooper Union, chuo cha New York ambacho wakati huo kilikuwa na wanafunzi Weusi wachache mno.

Huko washauri wake walimsukuma kuelekea usanifu wa majengo, kwa hoja kwamba serikali huajiri wasanifu majengo na kwamba kijana Mweusi angeweza kupata riziki ya uhakika katika utumishi wa umma. Ushauri huo tunaweza kuuita wa nia njema, lakini ulianzia kwenye swali la mahali ambapo ubaguzi ungemruhusu kufanya kazi, si kwenye swali la kile alichokiweza. Hisabati ilimshinda, akarudi kwenye sanaa ya matangazo na kwenye uchongaji, akahitimu mwaka 1940.

Mchanganyiko huo wa masomo haupaswi kupitwa haraka. Sanaa ya matangazo humfundisha mchoraji kulifanya umbo lisomeke kwa mara moja na kwa mbali, kwa mstari mmoja ulio wazi, bila kutegemea madoido. Uchongaji humfundisha kulizunguka umbo na kujiuliza lina nini upande wa nyuma, na mahali palipo wazi pana kazi gani. Mtu akivitazama vidani na bangili za Smith za baadaye huviona vyote viwili: kivuli chake ni rahisi kukumbukika kama nembo, lakini pambo lenyewe halina upande mmoja ulio wa mbele na mwingine uliosahaulika.

Baada ya chuo alifanya kazi katika mradi wa serikali wa ajira kwa vijana, kisha katika shirika la Junior Achievement, na pia akafundisha kazi za mikono kwa watoto wa Harlem, eneo la Weusi la New York, chini ya Children's Aid Society, shirika la kusaidia watoto. Usiku alisoma kozi ya usonara katika Chuo Kikuu cha New York. Hii ndiyo elimu rasmi ya usonara aliyoipata, na ni ndogo kwa kipimo chochote. Mengine yote aliyapata kwa mtu, na mtu huyo alikuwa mwanamke.

Winifred Mason

Jina la Winifred Mason limesahaulika kuliko inavyostahili. Alikuwa mwanamke Mweusi wa Brooklyn mwenye asili ya visiwa vya Karibi, mwenye elimu ya kufundisha sanaa, aliyekuwa akitengeneza mapambo ya shaba kwa mikono yake na kuyauza mpaka katika maduka makubwa ya New York katika miaka ya 1940, wakati ambapo fani hiyo haikuwa na nafasi kwa mwanamke Mweusi. Mwaka 1945 alipata ufadhili wa mfuko wa Rosenwald wa kwenda Haiti kuchunguza sanaa ya wananchi wa huko, na alama za vodu, dini ya jadi ya Haiti, zikaingia katika kazi zake. Baadaye aliolewa na Mhaiti na kuhamishia maisha yake kisiwani.

Smith alikuwa msaidizi katika karakana ya Mason mtaani Greenwich Village, na hapo ndipo alipojifunza ufundi kwa mkono. Lakini Mason alimpa kitu kikubwa kuliko mbinu za kuunga waya na kusugua bamba la madini. Alimwonyesha kwamba msanii Mweusi mwenye asili ya Karibi aweza kufungua duka lake, akaweka jina lake juu ya mlango, akauza pambo la shaba kwa bei ya kazi ya mikono badala ya bei ya uzito wa madini. Katika kuandika historia za wasanii wa Magharibi kuna mazoea ya kutafuta athari katika majumba ya makumbusho na katika picha maarufu zilizochorwa na watu maarufu, na katika mazoea hayo mwalimu kama Mason hutajwa kwa sentensi moja kisha hupitwa. Naona hilo ni kosa la uchambuzi, mbali na kuwa dhuluma. Uamuzi wa kutumia shaba, ambao ndio ulioruhusu ukubwa wa kazi za Smith, ulikuwa tayari umefanywa katika karakana ya Mason kabla Smith hajafungua yake.

Kwa nini shaba

Inafaa kulieleza jambo la madini kwa undani kidogo, kwa kuwa wasomaji wengi tumezoea kuipima kazi ya sonara kwa dhahabu. Dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimeta moja ya ujazo, fedha gramu 10.5, na shaba nyekundu karibu gramu 9. Kidani kipana kinachoshuka kutoka shingoni hadi juu ya matiti, kikitengenezwa kwa dhahabu safi, kingekuwa na uzito wa zaidi ya mara mbili ya kile cha shaba, na bei yake isingelipika na mwalimu, mwandishi au mcheza dansi. Shaba nyekundu na shaba ya manjano zilimwachia fundi uhuru wa kukosea, kukata upya na kutengeneza kitu kikubwa bila kwanza kutafuta tajiri wa kukigharamia.

Kuna faida nyingine ya kiufundi. Shaba hufuliwa ikiwa baridi, na kila pigo la nyundo huifanya iwe ngumu zaidi, hadi inapofika mahali pa kukataa kupinda na kulazimika kupashwa moto ili ilainike tena. Fundi anayejua kuipangilia hali hiyo huiacha kazi yake katika ugumu wa mwisho, kiasi cha kuwa na mnyumbuko: bangili iliyo wazi upande mmoja hutanuka kidogo inapoingia mkononi, kisha hurudi na kuukamata mkono bila bawaba wala kifungo. Kidani cha waya mnene hukaa juu ya mtulinga kwa nguvu yake chenyewe. Smith aliutegemea sana mnyumbuko huo, na fedha alipoanza kuitumia kwa wingi aliifanyia kazi kwa akili ileile ya shaba: bamba linalokatwa, kupindwa na kufuliwa, na mabonde yaliyotiwa weusi ili miinuko ing'ae.

Cornelia Street na West Fourth Street

Mwaka 1946 Smith alifungua duka na karakana yake mwenyewe katika Cornelia Street. Mwaka huohuo Museum of Modern Art iliandaa maonyesho ya mapambo ya kisasa yaliyotengenezwa kwa mikono, yaliyomjumuisha Calder pamoja na Anni Albers, ambaye alikuwa ametengeneza mikufu kwa vifaa vya kawaida vya dukani kama vile vibanio vya nywele. Greenwich Village yenyewe ilikuwa na masonara wa mrengo huo karibu kila kona: Sam Kramer na maumbo yake ya ajabu yenye macho ya vioo, Ed Wiener, Paul Lobel, na kabla yao Francisco Rebajes, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, ambaye naye alijipatia jina kwa shaba. Kwa hiyo Smith hakuwa mpweke katika fani. Alikuwa mpweke katika rangi.

Upweke huo ulimfikia dukani. Cornelia Street ilikuwa mtaa wa Wamarekani wenye asili ya Italia, na baadhi ya wakazi hawakumtaka. Madirisha yake yalivunjwa na vitisho vikaendelea, mpaka akalazimika kuhama na kwenda nambari 140 ya West Fourth Street, hatua chache kutoka bustani ya Washington Square. Huko kazi ilistawi, kwa sababu mtaa huo ulipitiwa na wanafunzi, wasanii na wageni wa mji, na duka lake likadumu hapo hadi mwaka 1979. Sitaki kuugeuza unyama wa Cornelia Street kuwa baraka iliyojificha; ulikuwa hasara na hofu, na mafanikio yaliyofuata hayaufuti.

Jukwaa

Smith aliupenda muziki wa jazi na aliunga mkono makundi ya mwanzo ya dansi ya kisasa ya Weusi. Rafiki yake Talley Beatty alikuwa mcheza dansi na mtunzi wa dansi aliyetoka katika kundi la Katherine Dunham, mwanamke aliyesomea anthropolojia na kuzifanyia utafiti ngoma za Karibi, Haiti ikiwemo, kabla ya kuzitumia kama msingi wa mafunzo ya jukwaani. Kupitia karamu za nyumbani kwa Beatty, Smith alikutana na watu kama waimbaji Lena Horne na Harry Belafonte na mwandishi James Baldwin, na kupitia urafiki huohuo akaanza kutengenezea mapambo makundi ya dansi: la Beatty mwenyewe, la Pearl Primus na la Claude Marchant. Pearl Primus alikuwa mzaliwa wa Trinidad ambaye mwaka 1948 alipata ufadhili wa kwenda Afrika kujifunza ngoma katika chimbuko lake. Kwa maneno mengine, watu waliomwagiza Smith mapambo walikuwa watu waliokuwa wakiufikiria mwili wa Mwafrika na wa Mkaribi kwa bidii ya kitaalamu, na waliujua kwa misuli yao wenyewe.

Hebu tuyafikirie mahitaji ya pambo la jukwaani. Lazima lionekane na mtu aliyeketi mstari wa mwisho, kwa hiyo haliwezi kuwa dogo wala kutegemea nakshi nyembamba. Lazima lisomeke mwili unapogeuka, kwa hiyo haliwezi kuwa na uso mmoja. Halipaswi kuanguka mchezaji anaporuka, wala kumkata, wala kumnasa mwenzake nywele anapompita karibu. Na lazima lisizuie kiungo chochote: linaweza kukizunguka kigasha, lakini kiwiko kiachwe huru, linaweza kulala begani, lakini shingo igeuke. Fundi anayeyatimiza masharti hayo kwa miaka kadhaa hawezi tena kuufikiria mwili kama ubao wa kutundikia vitu. Atauona kama kitu chenye mihimili, viungo, mabonde na mwendo, na atajua ni wapi madini yatakaa kimya na ni wapi yatasogea.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana njia ya haraka ya kulielewa hili. Aliyewahi kuwaona wasichana wa Kimaasai wakiimba huku mikufu yao mipana ya shanga ikipanda na kushuka mabegani kwa mapigo ya wimbo anajua kwamba pambo lile na mtikisiko ule vilitungwa pamoja, na kwamba mkufu uleule ukiwekwa ndani ya kabati la kioo hupoteza nusu ya maana yake. Sisemi kwamba Smith aliiga Wamaasai. Ninasema kwamba alifika, kupitia dansi ya Harlem na Karibi, kwenye kanuni ambayo sehemu nyingi za Afrika zilikuwa zikiifuata siku zote, na kwamba wale waliomfikisha hapo, Primus na wenzake, walikuwa wakiitafuta kanuni hiyo kwa makusudi.

Ushahidi wa kazi zenyewe

Bangili iitwayo Lava, ambayo usanifu wake ni wa karibu mwaka 1946, ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Ni bangili pana inayofunika kigasha chote, kwa mawimbi ya madini yanayopandana, moja juu ya jingine, yakiacha mianya ambayo ngozi huonekana kwayo. Ikiwa mezani, huonekana kama sanamu ndogo iliyopindwa bila sababu. Ikivaliwa, mawimbi yale hufuata kunenepa na kukonda kwa mkono kutoka kifundo kwenda kwenye kiwiko, na ngozi iliyo ndani ya mianya hugeuka kuwa rangi ya pili ya pambo. Smith hakuipaka bangili ile rangi. Alimwachia mvaaji ailete. Naiona Lava kuwa mojawapo ya bangili bora za karne ya 20, na sababu si ukubwa wake bali jinsi inavyoutii mkono huku ikiubadilisha.

Kidani kiitwacho Patina, cha mwishoni mwa miaka ya 1950, kimeshikamana zaidi na hoja ya Calder. Kina vipande vinavyoning'inia na kucheza mvaaji anapotembea, na kuna makubaliano kwamba kimetokana na sanamu za Calder zinazotundikwa darini na kusukumwa na hewa. Nakubali. Ila tuitazame tofauti. Sanamu ya Calder huzunguka kwa upepo, bila kutarajia chochote kwa mtazamaji, nayo ina mhimili wake yenyewe. Kidani cha Smith kimekabidhi mhimili kwa mtu; kina utulivu mtu akitulia na msukosuko mtu akisukasuka. Calder mwenyewe alitengeneza mapambo mengi sana, ya shaba na fedha iliyofuliwa, na mizunguko ya waya wake inafanana na ya Smith kiasi cha kumchanganya asiye makini. Hata hivyo mapambo ya Calder kwa kawaida ni mchoro wa madini uliowekwa juu ya mtu: mzunguko, ua, herufi, mionzi ya jua. Mchoro huo hupendeza ukutani pia. Kazi kubwa za Smith hazipendezi hivyo ukutani, kwa kuwa umbo lake limekatwa kwa kipimo cha bega au mkono ambao ukutani haupo.

Surealisimu nayo iliacha alama, hasa yale maumbo laini yanayofanana na figo, mbegu au viumbe vya majini, ambayo wasanii wa Ulaya Jean Arp na Joan Miró waliyafanya kuwa lugha ya wakati ule. Katika miaka ya 1940 maumbo hayo yalikuwa kila mahali New York, kuanzia picha hadi meza za sebuleni, na msanii kijana asingeweza kuyakwepa. Kwa sababu hiyohiyo hayatuelezi mengi kuhusu Smith. Yalikuwa mali ya kizazi kizima. Kilicho chake ni kutokulingana kwa pande mbili, yaani kidani kinachobeba uzito upande mmoja wa kifua na kuuacha upande mwingine kwa mstari mwembamba, huku kikisawazishwa na mwinuko wa bega. Wasanii wa dansi wanaielewa mizani ya namna hiyo vizuri, kwani mwili unaocheza mara chache husimama ukiwa sawa pande zote mbili.

Jazi inaonekana kwa njia mbili. Njia iliyo wazi ni heshima kwa wanamuziki: Smith alimtengenezea Duke Ellington vifungo vya mikono ya shati vyenye noti za mwanzo za wimbo "Mood Indigo", na kidani chake kimoja cha fedha chenye mawe ya rangi mbalimbali kina jina la Ellington. Njia iliyojificha ni mdundo wa nafasi, yaani jinsi anavyorudia umbo lilelile mara kadhaa huku akilibadilisha ukubwa, na kisha kuacha pengo mahali ambapo jicho lilitarajia umbo jingine. Hii ya pili ni tafsiri yangu, na sitailazimisha. Lakini aliyesikiliza jazi kwa muda mrefu akiwa na nyundo mkononi ana haki ya kudhaniwa kuwa mkono wake ulisikia.

Soko, siasa na mipaka

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kazi zake zilikuwa zimetokea katika kurasa za magazeti ya mitindo ya Vogue na Harper's Bazaar, na maduka ya miji mingine ya Marekani yalikuwa yakiziagiza. Tawi la Peekskill la chama cha NAACP, kinachopigania haki za Weusi, lilimwagiza bruchi, pambo la kubanwa kwenye nguo, ya kumzawadia Eleanor Roosevelt, mjane wa Rais Franklin Roosevelt. Smith mwenyewe aliunga mkono harakati za haki za Weusi na za mashoga, akiwa Mweusi na pia shoga, katika miaka ambayo kujulikana kwa lolote kati ya hayo kulikuwa na gharama.

Maduka ya mbali yalihitaji vitu vidogo na vya bei nafuu, pete na hereni zaidi kuliko bangili za kigasha kizima, na ni wazi kwamba kazi hizo ndogo ndizo zilizosaidia kulipa kodi ya pango. Ni dhaifu kuliko zile kubwa. Hereni ya Smith ni nzuri, lakini masonara wengine wa mtaa wake wangeweza kuitengeneza. Sikio halimpi fundi mambo mengi ya kujadiliana nalo. Hapa ndipo hoja yangu inapopata nguvu zaidi kuliko katika zile kazi bora: ubora wa Smith hupanda kadiri eneo la mwili analolishughulikia linavyopanuka, na hushuka linapopungua. Msanii ambaye chimbuko lake lingekuwa Calder au picha za Miró asingekuwa na mwelekeo huo, kwa maana mchoro mzuri huweza kupunguzwa ukabaki mzuri.

Kuna pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Bangili ya Lava ni ya wakati uleule alipofungua duka, na mtu anaweza kusema kwamba fikra ya mwili ilikuwepo kabla jukwaa halijapata muda wa kumfunza. Huenda uchongaji wa Cooper Union ulikuwa umeshapanda mbegu hiyo. Lakini urafiki na watu wa dansi ulianza katika miaka ileile ya 1940, na jambo la kuangaliwa si kazi moja bali uthabiti: Lava ingeweza kuwa bahati ya kijana mwenye kipaji, na badala yake ikawa mwanzo wa kanuni iliyodumu kwa zaidi ya miaka 30. Uthabiti huo unahitaji chanzo kinachoendelea kudai, na maagizo ya wacheza dansi yalikuwa chanzo cha namna hiyo.

Baada ya duka

Mwaka 1970, mwaka mmoja baada ya maonyesho yale ya Museum of Contemporary Crafts, kazi yake ilikuwemo katika Objects: USA, maonyesho makubwa ya kazi za mikono yaliyozunguka nchini. Afya yake ilidhoofika, akafunga duka mwaka 1979, na akafariki mwaka 1982. Kisha jina lake likafifia, kama yalivyofifia majina mengi ya masonara wa Village pale soko lilipogeukia mitindo mingine.

Lilirudi kwa sababu ya Charles Russell, mwenzi wake wa maisha, aliyeitunza mali ya karakana na kuipa Brooklyn Museum kazi 21. Jumba hilo lilizionyesha mwaka 2008, katika mji uleule ambamo Smith alikulia. Waandaaji walikabiliwa na tatizo ambalo msanii mwenyewe alikuwa amelitaja mwaka 1969, kwa kuwa kabati la kioo haliwezi kuwa na bega. Waliweka pamoja na mapambo michoro yake, vifaa vyake vya kazi, bango la duka, na picha za zamani za wanamitindo wakiwa wameyavaa mapambo hayo. Katika maonyesho ya masonara wengi, picha za namna hiyo ni nyongeza ya kupamba ukuta. Katika haya zilikuwa sehemu ya kazi zenyewe, na ningependa kila jumba linalomiliki pambo la Smith lizichukulie hivyo: liandike kwenye kibao si madini na vipimo peke yake, bali pia ni sehemu gani ya mwili pambo lile linakaa, linashikwa na nini, na linafanya nini mvaaji anapoinua mkono.